Mahali Pangu Pana Mtu

Mama yangu alizikwa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa hai, tena mzima wa afya, akimkanda shangazi yake miguu huko ng'ambo ya Sengerema, na sisi huku tulimlilia mpaka sauti zikakauka. Watu wakinisikia nikisema hivyo hudhani nafanya masihara. Sina masihara na jambo hili. Nitalieleza lilivyokuwa, na anayetaka kucheka acheke mwishoni.

Tulikaa Mabatini, enzi zile vitu vilipoadimika. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, na nguo ndiyo usiseme. Pamba ilijaa mkoa mzima. Baba yangu mwenyewe alikuwa mpakiaji wa robota za pamba stesheni, anarudi jioni na nyuzi nyeupe kwenye nyusi, lakini mkewe hakuwa na khanga ya maana ya kutokea nayo msibani. Mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza jambo hilo nikaelewa.

Siku khanga zilipofika duka la ushirika, balozi wetu wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango akitangaza kwamba kila nyumba mbili zitapewa doti moja. Doti ni vipande viwili vinavyofanana kila kitu, kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujitanda, na mwanamke mwenye kipande kimoja ni kama mwenye kiatu kimoja. Wengine walishikana mashati pale pale dukani. Mama na mwenzake wa nyumba ya pili hawakugombana. Waliikata doti yao katikati kwa wembe, kila mmoja akaondoka na kipande chake, wakicheka. Ilikuwa nyeupe yenye maua mekundu, na katika mgao ule haikutoka nyingine ya namna hiyo.

Huyo mwenzake nilimwita mama mdogo, ingawa hatukuwa na udugu wowote. Alikuwa Mhaya, Mkatoliki wa rozari kila jioni, mke wa mwalimu wa shule ya msingi. Mama yangu alikuwa Msukuma ambaye kanisani alikwenda siku za harusi tu. Urafiki wao ulianzia kwenye moto. Mama mdogo alikuwa mgeni mtaani, kiberiti hakuna, akaja kuomba kaa la moto na kigae mkononi, na mama akamwambia kwamba hata Wahaya na elimu yao yote wameshindwa kuwasha jiko. Mama mdogo akajibu kwamba yeye alidhani Wasukuma wana mavi ya ng'ombe tu, kumbe wana na moto. Kuanzia siku hiyo hawakuachana. Binti yake na mimi tulikuwa rika moja, tukakaa dawati moja, tukachanganya chawa.

Mama mdogo hakuivaa khanga yake hata siku moja. Aliikunja akamtumia mama yake Bukoba kwa meli, kwa mkono wa mtu wa kwao. Kina mama walimsema. Wewe mwenyewe unatembea na viraka, khanga mpya unampelekea mtu wa kijijini ambaye mwenzake ni migomba?

"Mama yangu akifa kesho atasitiriwa na nini?" aliwajibu. "Majani ya hiyo migomba?"

Basi mtaa mzima ulijua kwamba khanga ya maua mekundu iliyobaki Mabatini ilikuwa moja tu, ya mama yangu. Naomba hilo likumbukwe, maana ndilo lililotuponza.

Mwaka ule mvua iligoma. Tulikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, unaonuka gunia na kumfanya mtoto akune tumbo usiku kucha. Ikasemwa kwamba ng'ambo ya Sengerema kuna udaga, mihogo ile mikavu, na mtu akienda mwenyewe anapata. Mama na mama mdogo wakaamua kwenda. Walipanda mtumbwi mkubwa wa mbao asubuhi, na mama alikuwa amejifunga khanga yake ya maua mekundu, kwa sababu alitaka shangazi yake aliyeko huko aone kwamba mjini hawajafa kabisa.

Mtumbwi uliokuwa unarudi ulizama. Upepo wa ghafla, mizigo mingi, watu wengi: habari ya siku zote ya ziwa letu, ambalo watu wa mbali wakiliona hulisifia uzuri. Waliookolewa walikuwa wachache, na mama hakuwamo, wala mama mdogo. Baba na mwalimu wakaanza kushinda mwaloni pamoja, pale mitumbwi inapofikia, mtu wa robota na mtu wa chaki, wakiwauliza wavuvi wale wale maswali yale yale.

Baada ya siku kadhaa wavuvi wa upande wa Ilemela wakaleta mwili wa mwanamke. Maiti aliyekaa majini kwa siku nyingi hana uso, na sitasema zaidi ya hapo. Kiunoni alikuwa amefungwa khanga nyeupe ya maua mekundu, imekazwa fundo mara mbili. Baba aliitazama khanga. Akasema, "Ni yeye." Mwalimu alikuwa amesimama pembeni yake, akamshika bega, na bila shaka moyoni alimshukuru Mungu kwamba si wake. Nani angemlaumu? Hakuna aliyeuliza swali lingine. Mimi nisingeuliza, nawe usingeuliza.

Bwana afya alitaka azikwe siku ile ile. Tukapewa lori la pamba, tukaenda kijijini kwa baba, kando ya ziwa njia ya Magu. Kijiji chenyewe kilikuwa kimehamishwa. Watu walikuwa wametolewa kwenye maboma yao na kupangwa kando ya barabara, nyumba zimenyooka kama wanafunzi gwarideni, na huko nyuma yakabaki mahame: kuta zilizobomoka, makaburi ya wazee, na ua wa minyaa ambao hakuna serikali iliyoweza kuuhamisha. Mwenyekiti wa kijiji alituonyesha uwanja mpya wa kuzikia. Baba akakataa. Alisema hawezi kumlaza mkewe mahali ambapo hata mchwa bado hawajahamia. Mwenyekiti aliguna, kisha akageuka kutazama upande mwingine, na mama akazikwa mahameni, ndani ya ua wa minyaa, karibu na bibi mzaa baba.

Binti wa mama mdogo alikuja na lori lile lile. Baba yake alibaki mwaloni kumsubiri mkewe, yeye akasema anakwenda kunishika mkono. Alinishika kweli. Nilipotaka kujitupa kaburini alinibana kiunoni, akalia kunizidi. Ilipofika zamu ya watoto kutupa udongo mimi nilishindwa, vidole vilikataa kufunguka. Akachota yeye, akatupa, akasema, "Natupa kwa niaba yake." Nikamsikia kwa masikio yangu.

Tulirudi Mabatini, tukaweka matanga. Majirani walilala nje, balozi akaleta kuni, kila nyumba ikatoa kikombe cha unga wa yanga. Yule binti alilala na mimi mkeka mmoja. Alininyoa nywele kwa wembe, taratibu, akinipuliza kichwa pale uliponikwaruza.

Siku tuliyokuwa tunaanua matanga, mchana, watu wamejaa uani, mama yangu aliingia na furushi la udaga kichwani.

Alikuwa amepita barabarani, kwa kivuko cha Busisi, kwa sababu shangazi yake alikuwa mgonjwa na alibaki kumwuguza. Huko bara habari za mtumbwi zilikuwa hazijamfikia. Aliwaona watu uani kwake, akatua furushi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, nani amekufa?"

Wanawake walikimbia. Sufuria la uji lilimwagika. Mzee mmoja jirani, mcha Mungu wa siku zote, aliruka ukuta uliokuwa unawashinda vijana. Mimi sikukimbia. Nilikwenda nikamshika miguu, na ilikuwa ya moto, ina vumbi. Furaha niliyoipata siku ile sijaipata tena, hata nilipozaa. Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, wakamgusa, wakapiga vigelegele, na vigelegele vikavuta mtaa mzima.

Mama alikuwa anacheka nao, bado haelewi. Akamwuliza baba, "Sasa mlimzika nani, baba?"

"Khanga yako," baba alisema. "Tuliona khanga yako."

Kicheko kikamkauka mama. Aliketi chini pale pale, juu ya uji uliomwagika.

"Mwenzangu alikuwa na homa," alisema. "Alikuwa anatetemeka. Nikamfunga mimi mwenyewe. Nikamwambia, ikaze hii, utanirudishia nyumbani."

Vigelegele vilikatika upande wetu, lakini barabarani vilikuwa bado vinaendelea, maana wengine walikuwa wanafika tu. Nilimtafuta yule binti kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni na chungu cha maji aliyokuwa ameenda kutuchotea. Hakukitupa. Alikiweka chini polepole, akakifunika, halafu akabaki amekitazama.

Lililonichoma kuliko yote lilikuja jioni. Mwalimu alirudi kutoka mwaloni, suruali imekunjwa, matope mpaka magotini. Njiani walikuwa wamemwambia kwamba mama yangu amerudi, wakakomea hapo, waoga. Aliingia kwetu mbio. Akamshika mama mikono yote miwili na machozi yanamtoka, akasema, "Mungu ni mkubwa, shemeji! Umerudi! Basi na wangu atarudi. Niliwaambia, wakanicheka. Kama wewe umerudi, na yeye atarudi!"

Uani palikuwa na watu wazima zaidi ya ishirini, pamoja na balozi, ambaye kazi yake ilikuwa kutangaza kila kitu kuanzia chanjo hadi mkutano. Wote waliangalia miguu yao. Aliyesema ni mama. Alimketisha mwalimu kwenye kigoda, akapiga magoti mbele yake, akamwambia neno kwa neno: homa, khanga, fundo, mahame. Mwalimu alisikiliza kwa heshima, akiitikia kwa kichwa kama anayemsikiliza mwanafunzi mzuri. Mama alipomaliza, mwalimu aliuliza jambo moja tu, kama mkewe alisomewa sala. Hakusomewa. Tulimzika kama tunavyozika sisi.

Meli ya Bukoba ilimleta bibi, mama mzazi wa mama mdogo. Alikuwa amepelekewa habari kwamba binti yake amezama na hajaonekana, akaja kumtafuta mwenyewe. Nilimwona akishuka bandarini, mzee mwembamba aliyenyooka, na mabegani amejitanda khanga nyeupe ya maua mekundu, mpya, bado ina mikunjo. Mama alipoiona aligeuka akashika nguzo.

"Shikamoo, bibi," nilimwambia.

"Marahaba, mjukuu wangu." Akamtazama mama kichwa hadi miguu. "Wewe ndiye uliyekufa?"

Alitaka kitu kimoja, binti yake afukuliwe, arudi kulala kibanjani kwao, ndani ya migomba, walipolala baba na mababu zake. Kwa Wahaya kibanja bila makaburi ni shamba la kukodi tu. Mwalimu akazunguka ofisi. Huku aliambiwa ni suala la afya, kule ni suala la kijiji, kwingine arudi Jumatatu. Na wazee wa ukoo wetu nao wakakataa. Kaburi halifukuliwi, walisema, litaleta kifo kingine. Mkubwa wao akamalizia kwa upole wa kuudhi, "Maji yakishamwagika hayazoleki, mama."

"Mwanangu si maji," bibi alijibu.

Hapo ndipo alipoomba apelekwe mahameni. Tulikwenda naye, mimi, mama, baba na yule binti. Alikaa kando ya kaburi, akasema rozari yake kwa Kihaya mpaka mwisho, bila haraka. Kisha akamwita mama.

"Mmemlaza mwanangu mahali pako," alisema. "Sikulaumu, ulimfunika kwa baridi. Lakini mahali pake kule kwangu pako wazi, na mimi siwezi kufa nimeacha mahali wazi. Siku yako ikifika utakuja ulale wewe."

Baba aliruka. Akasema huyu ni mke wa watu, ametolewa ng'ombe, na mke hulala kwa mumewe, haijapata kuonekana mwanamke wa Kisukuma kuzikwa kwenye migomba. Alisema mengi. Bibi alimwacha amalize.

"Wewe ndiye uliyesema 'ni yeye,'" akamwambia.

Na mama yangu akasema, "Nimekubali, mama." Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilielewa kila neno, na nilimchukia yule bibi palepale. Ndiyo kwanza nimempata mama yangu, na mtu ameshamwekea nafasi kwingine!

Bibi aliivua khanga yake akampa mama, akarudi Bukoba na mabega matupu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kawaida, kama maisha yanavyojua kuwa ya kawaida juu ya jambo lolote. Mwalimu aliomba uhamisho akarudi kwao Bukoba na binti yake. Mtaa ulimpa mama jina. "Marehemu, umeamkaje?" walimtania asubuhi kisimani, naye aliitikia, "Nimeamka, ninyi je, mlio hai?" Wakacheka. Alicheka nao mwanzoni. Baadaye aliitikia tu. Tulipokwenda mahameni kupalilia, wanawake wa ukoo walionyeshana mahali watakapolala, kama wanawake wanavyofanya, mimi hapa, wewe pale, na wakimgeukia mama alisema, "Mahali pangu pana mtu." Alisema hivyo bila uchungu, na mimi nilisikia uchungu kwa niaba yake. Bibi alipofariki, mama alikwenda Bukoba, akanyoa nywele, akalia kama mtoto wake wa kumzaa.

Mama alikufa katika miaka ile mibaya ya mwisho ya uhaba, sabuni hakuna, sanda hakuna, hospitali ina vitanda na huruma tu. Nilikuwa nimeshaolewa, nakaa Nyegezi. Nilimwosha kwa mikono yangu, na safari hii niliutazama uso wake vizuri, muda mrefu, kuliko ilivyohitajika. Tulimsitiri kwa ile khanga ya bibi. Hakukuwa na nguo nyingine, na hata kama ingekuwapo, tusingeitumia.

Ukoo ulikuja juu. Walisema maneno ya bibi kizee hayawezi kuchukua mke wa watu. Niliwaunga mkono, nasema bila kuficha. Nilimwambia baba tumzike mahameni, tupanue tu, ndani ya minyaa pana nafasi. Nilitaka mama yangu karibu, pa kwenda bila meli siku nikishindwa na dunia. Baba alikuwa amezeeka, mgongo umepinda kwa robota. Aliwaacha watu wote waseme mpaka wakamaliza.

"Nilikosea mtu mara moja," alisema. "Mpelekeni."

Tulisafiri na jeneza kwenye meli, na ziwa lilitulia njia nzima, sijui lilikuwa linamwonea aibu nani. Bandarini Bukoba yule binti alikuwa anatusubiri, mtu mzima sasa, mwalimu kama baba yake. Hatukuwa tumeonana miaka mingi. Hatukukumbatiana. Alishika upande mmoja wa jeneza, nikashika mwingine.

Kibanjani migomba ilikuwa imesongamana kiasi kwamba jua halifiki chini. Karibu na kaburi la bibi palikuwa na uwazi wa urefu wa mtu, umefagiliwa. Alinionyesha. "Bibi alikataza hata mgomba mmoja kupandwa hapa," alisema. "Kila chipukizi lililoota nililing'oa mimi."

Walimwimbia kwa lugha ambayo mama hakuijua, padre akanyunyiza maji. Wakasema watoto watupe udongo. Nikachota, na mkono ukakataa kufunguka, ule ule, kama zamani. Nilisimama nimekunja ngumi mbele ya ukoo wa watu, nikawaza ziwa lote lile litakalokuwa kati yangu na yeye, nikaona nimeibiwa.

Yule binti alikuja kusimama karibu yangu. Nilidhani atatupa kwa niaba yangu. Hakutupa.

"Mimi nilimtupia mama yangu udongo nikidhani ni wako," aliniambia kwa sauti ya chini. "Wewe angalau unajua unamtupia nani."

Nikafungua mkono.

Meli ya kurudi ilikuwa kesho yake. Alinisindikiza bandarini, na kabla sijapanda aliniuliza kama kule mahameni ua wa minyaa bado umesimama. Nikamwambia umesimama. Akauliza nani anapalilia siku hizi. Nikamwambia hakuna mtu maalumu, baba amezeeka.

"Basi palilia wewe," alisema. "Huku nitapalilia mimi."